Rula Zilizorudi Zikinuka Vanishi

Mwaka ule, ambao wengine husema ulikuwa mwaka jana na wengine huapa kwamba bado haujafika, rula zilikusanywa mapema kuliko kawaida. Mwalimu Makungu alipita darasa la tano na boksi la viatu mkononi, akasimama mbele ya kila dawati, na kila mtoto akaitumbukiza rula yake humo bila kuulizwa. Ndivyo ilivyokuwa kila mara maonyesho ya sayansi yalipokaribia. Rula zilikwenda kusafishwa. Zingerudi asubuhi ya maonyesho yenyewe, kila moja na jina la mwenyewe limechongwa mgongoni, zikinuka vanishi mbichi, na watoto wangezinusa na kucheka na kuzigusisha mashavuni kwa sababu vanishi mbichi ina ubaridi wake. Hakuna aliyeuliza rula huchafuka vipi. Maswali katika mji ule yalikuwa na siku yake, siku ya maonyesho, na ikifika siku hiyo majibu yalikuwa yameshabandikwa ukutani.

Shule ilikuwa na kanuni tisa zilizoandikwa kwa chokaa getini. Mgeni angedhani ya kwanza ni kuwahi, au kunyamaza, au kunyoa nywele. Siyo. Ya kwanza ilisema: Usiazime rula. Mtoto aliruhusiwa kuazima kalamu, kifutio, sweta, hata andazi lililokwisha kuumwa, lakini rula ilikuwa ya mwenyewe na mwenyewe pekee, na aliyekutwa na rula ya mwenzake alirudishwa nyumbani kumwita mzazi. Nalisema hili mapema kwa sababu msiba wote ulianzia hapo, kwenye kosa dogo ambalo watoto wa shule nyingine hulifanya mara kumi kwa siku na wala hawafi.

Aliyelifanya ni Sikudhani, binti wa fundi cherehani. Umri wake sitaki kuutaja, maana kila nikiushika unaniponyoka. Siku nyingine alikuwa na miaka kumi, siku nyingine kumi na mmoja, na kuna alasiri moja alipopiga chafya nyuma ya mlango mama yake akaitika kwa heshima, akidhani anaitwa na marehemu mama yake mzazi. Alikuwa darasa la tano, hilo tulishike, na darasa la tano lilikuwa limekaa mahali pake kwa muda mrefu sana.

Siku alipolifanya haikuwa ya shule, na rula zilikuwa bado hazijakusanywa. Alikuwa amelala kifudifudi mkekani akichora jedwali, rula yake imo begini, begi limo uvunguni mwa kitanda, na uvivu ni uvivu. Akanyoosha mkono akachukua rula ya mdogo wake, Kidawa. Ilikuwa na alama thelathini, sawa na rula zote za shule. Ilianza na sifuri ikaishia na thelathini, namba zote zimo, hakuna iliyorukwa. Lakini nzima ilikuwa fupi kuliko kalamu yake.

Akalivuta begi, akatoa ya kwake, akazilaza pamoja. Alama thelathini hapa, alama thelathini pale, na ya kwake ikaipita ya Kidawa zaidi ya mara mbili. Kisha, kwa kuwa akili ikishaanza kwenda haikubali kukaa, akaenda kwenye kisanduku cha mama yake akatoa futi ya bibi, ile ya kitambaa cha nta ambayo zamani ilikuwa njano na sasa ilikuwa rangi ya chai, akaivuta kando ya rula zote mbili. Thelathini za Kidawa zilikuwa kumi kwenye futi. Thelathini zake yeye zilikuwa ishirini na nne. Akakaa kitako. Akaogopa.

Si kwamba alishtuka kujua Kidawa ni mdogo. Udogo wa Kidawa kila mwenye macho aliuona. Alikwenda shule ndani ya begi la dada yake, kichwa kimechungulia kwenye zipu. Darasani aliketi juu ya dawati, si nyuma yake, akiegemea kopo la kalamu. Wali alipakuliwa kwenye kisosi na kisosi kilimshinda. Lakini watu walipokutana naye njiani waliinama wakasema, "Kidawa, umekuwaje mrefu hivi," na walisema kwa moyo safi, kwa sababu kadi yake ya urefu ilisema hivyo. Kila mtoto alikuwa na kadi ya urefu, hujazwa mara moja kwa mwaka siku ya maonyesho, kwa rula ya mtoto mwenyewe. Kadi ya Kidawa ilisomeka mia na kumi na mbili, mia na kumi na sita, mia na ishirini. Nne kila mwaka, bila kukosa. Macho yaliona jambo moja na kadi ikasema jingine, na watu wa mji ule walikuwa wamezoea kuyaonea haya macho yao.

Nyumbani kulikuwa na hesabu nyingine. Mama yake Sikudhani alikuwa amemaliza macho yake kwenye uzi mweusi, sasa aliona mwanga na kivuli tu, lakini bado alikata na kushona. Alikata kwa sauti ya Sikudhani. Binti anapima, anasoma namba kwa sauti, mama anakata. Mgongo wa meza yake ulikuwa umechongwa alama za futi ya bibi kutoka ncha hadi ncha, naye alizipapasa kwa kidole na hakukosea hata mara moja. Angeweza kumpapasa Kidawa vilevile akajua kila kitu kwa mara moja, lakini fundi wa mji ule hampimi mwanawe kwa mikono yake. Fundi humpimia mtu wake kwa mikono mara moja tu, na nguo hiyo haina mikono wala kola. Kwa hiyo alimbeba Kidawa amefumba ngumi, na Sikudhani ndiye aliyepima. Mia na kumi na mbili. Tisini. Sitini na moja. Arobaini. Kila namba iliposomwa mkasi wa mama ulilia. Wiki ile, kwenye futi, Kidawa alikuwa ishirini na tatu.

Walikuwa wamekwisha kwenda dispensari. Tabibu alikuwa mpole, akamweka Kidawa juu ya meza pembeni ya bomba la sindano, akaisoma kadi mara mbili, akamgeukia mama. "Dawa zipo, mama," akasema, "zimejaa kabatini mpaka mlango haufungiki. Lakini ni za watoto wanaopungua. Huyu anaongezeka." Akawasindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote. Mama alilia njia nzima bila sauti na Kidawa, begini, akauliza kama mvua imeanza.

Basi likamjia Sikudhani wazo, na wazo lilikuwa rahisi: dawa zipo, kinachozizuia ni namba, na namba huandikwa siku ya maonyesho. Akiwaonyesha Wakaguzi, wanaokuja siku hiyo na kitabu cha urefu wa watoto, rula na futi pamoja, wataandika namba ya kweli, kabati litafunguliwa, na mdogo wake atapona. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la pili, na hili si la watoto wote. Ni la watoto wa mji ule peke yao, waliofundishwa kwamba maonyesho ni mahali pa kuonyesha. Aliamini kwamba wenye kitabu hawajui.

*

Urefu ni nini. Ni umbali kutoka nyayo hadi utosi.

Nani aliyesema. Rula.

Na rula akiinama, nani atamwambia ameinama. Mimi. Mimi ni nani. Mimi ni mia na thelathini na sita, imeandikwa. Kwenye futi sijajipima. Naogopa kujipima. Mlango wa jikoni mwaka jana nililifikia komeo. Au ni mwaka ule mwingine. Komeo limepanda. Makomeo hayapandi. Basi nini kimeshuka.

Nitampima Kidawa kwanza. Mimi baadaye. Mimi nina nafasi.

*

Maonyesho ya shule ile yalikuwa na desturi yake iliyoitwa jibu kwanza. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe lilipitishwa kopo la maziwa lenye vikaratasi, kila mtoto akachomoa kimoja, na kwenye kikaratasi kulikuwa na jibu. Kazi ya mtoto ilikuwa kwenda nyumbani kutafuta jaribio la kulifikia. Aliyepata "Nuru hukuza" alipanda maharage kwenye pamba. Aliyepata "Mchanga husafisha" alichuja maji kwa mchanga na mkaa. Jibu likikataa kutokea, mtoto alikuwa na wiki tatu za kulisaidia, na wazazi wengi walikesha wakisaidia. Sikudhani alichomoa kikaratasi kilichosema: Watoto hukua.

Asubuhi ya siku ile ukumbi ulinuka vanishi, gundi na jasho la watoto waliovaa soksi kwa shida. Meza zilipangwa kuzunguka ukuta, kila moja na karatasi yake ya manila imesimamishwa kwa matofali. Kulikuwa na mlima wa udongo uliotema povu la magadi na ndimu kila ulipoambiwa. Kulikuwa na msumari uliozungushiwa waya na betri, ukivuta pini, na chini ya kitambaa cha meza kaka wa mwenye msumari alikuwa amejificha akizivuta pini kwa uzi. Mtoto mmoja ambaye maharage yake yalioza alikuwa amefunga jani la mchicha kwenye kijiti akaketi kando yake anatetemeka. Watoto wale hawakuwa waongo. Walikuwa wametumwa kuleta jibu kama mtu anavyotumwa kuleta chumvi, na anayetumwa chumvi hasimulii habari za njiani.

Kwenye meza ya Sikudhani kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na kichwa cha habari "Watoto hukua" na namba za kadi ya Kidawa kwa maka peni nyekundu: mia na kumi na mbili, mia na kumi na sita, mia na ishirini. Ya pili ilikuwa na kichwa hichohicho, ila chini yake namba za futi: mia na kumi na mbili, tisini, sitini na moja, arobaini, ishirini na tatu. Mbele yake rula mbili zimelazwa sambamba, yake na ya Kidawa, zote zimerudi asubuhi ile na bado zinanata kidogo. Ya Kidawa ilikuwa imesafishwa sana, sasa ilikuwa fupi kuliko kidole cha shahada cha dada yake. Na kando yake futi ya bibi, imeviringishwa.

Mwalimu Makungu alifika akaisoma ya kwanza akatabasamu, akaisoma ya pili akaacha. Alikuwa mwalimu mzuri, nataka hilo lijulikane, aliyewajua watoto wake kwa majina ya utani na aliyegawa chai yake. Siku hizi alifundisha akiwa amesimama juu ya kreti la soda, na watoto walikuwa wamekubaliana kutoliona kreti. Akatazama mlangoni, akainama.

"Sikudhani, mwanangu, bandua hiyo ya pili. Acha ya kwanza."

"Lakini mwalimu, ya pili ndiyo ya kweli."

"Ndiyo maana," akasema Mwalimu Makungu, akaenda zake kunyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimekunjamana.

Angeweza kuibandua. Gundi ilikuwa bado mbichi. Lakini begi lilijinyoosha miguuni pake, zipu ikalia, na Kidawa akatoa kichwa akauliza kama wameshinda. Sikudhani akamwambia bado. Hakuibandua.

*

Wakaguzi walizoea kuja watatu. Mwaka ule, kama ulikuwa mwaka, alikuja mmoja, bibi mzee wa kanga nyeusi juu ya gauni la kijivu, amekumbatia kitabu kinene kilichofungwa kwa kamba ya viatu. Alipita meza kwa meza. Povu lilipotoka alipiga muhuri. Pini zilipoishika ncha ya msumari alipiga muhuri. Jani la mchicha alilitazama kwa muda, akamshika mtoto yule kichwani, akapiga muhuri. Hakuharakisha wala hakuchelewa, na alipofika kwa Sikudhani ukumbi mzima ulikuwa umekwisha kunyamaza, kwa sababu habari ya karatasi mbili ilikuwa imezunguka meza zote kabla yake.

Sikudhani akamwamkia, akaitikiwa vizuri, akaambiwa aeleze. Akaeleza kama alivyojizoeza mbele ya cherehani. Akamtoa Kidawa begini, akamsimamisha juu ya manila, akamwambia asimame wima asiinue visigino. Akampima kwa rula yake mwenyewe, ile fupi, akiihamisha juu kwa juu: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na alama nne za nyongeza. Mia na ishirini na nne. Kisha akaviringua futi. Ishirini na tatu. Aliisoma kwa sauti, kama alivyomsomea mama yake, na sauti ikaenda ikagonga bati ikarudi.

Mkaguzi hakukasirika, na Sikudhani akaanza kuogopa hapo. Bibi yule aliichukua futi akaipitisha chini ya pua, akafumba macho, na kwa kitambo hicho uso wake ukawa uso ambao Sikudhani aliujua lakini hakujua anaujulia wapi.

"Hii ni ya nani?"

"Ya bibi yangu."

"Na bibi yako, hii futi aliilinganisha na kitu gani akajua ni ya haki?"

Sikudhani hakuwahi kufikiri kwamba futi nayo ina mwanzo.

"Kila kipimo kimepimwa na kingine," akasema Mkaguzi, polepole, bila kejeli yoyote. "Ukivifuata nyuma, kimoja baada ya kimoja, utafika kwa mtu mmoja aliyesimama mahali akasema, hii ndiyo moja. Na mtu huyo hakuwa na rula mkononi. Alikuwa na kisu." Akaiweka futi chini. "Mjukuu wangu, mimi sikatai hesabu yako. Ni ishirini na tatu. Naona."

Sikudhani akasema basi Kidawa aandikiwe hivyo, kwenye kadi, ili tabibu afungue kabati.

Mkaguzi akafungua kamba ya viatu, akafungua kitabu, akamgeuzia. Kilikuwa kimepigwa mistari kwa mkono, na kila mstari namba yake pembeni, kutoka juu hadi chini. Mstari wa chini kabisa ulikuwa thelathini. Chini ya hapo karatasi ilikuwa imekatwa kwa mkasi, imenyooka. Akaeleza kama mtu anavyomweleza mtoto njia ya kwenda sokoni. Mtoto wa thelathini ana mstari. Mtoto wa ishirini na tisa hana. Asiye na mstari hayumo kitabuni, na asiyemo kitabuni si mwanafunzi, na asiye mwanafunzi hana kadi, na asiye na kadi tabibu hana wa kumfungulia kabati. Namba ndogo haimponyi. Inamtoa.

"Kadi ni hii, kalamu ni hii," akasema. "Mimi siandiki. Anaandika mwenye jaribio. Ukiandika mia na ishirini na nne, yumo. Ukiandika ishirini na tatu, hatukuwahi kuwa naye."

*

Yumo. Hayumo.

Kama hayumo, mgongo wangu umebeba nini miaka yote hii. Begi lina uzito. Uzito nao una kitabu chake.

Nikiandika kweli nitakuwa nimesema kweli kuhusu mtu ambaye hayupo. Nikiandika uongo atakuwepo. Uongo una mstari. Kweli imekatwa na mkasi.

Mama angesemaje. Mama angesema, ngapi. Mama husema hivyo tu.

*

Alimtazama Mkaguzi, akaona kidole gumba chake cha kushoto kina kovu la mlalo chini ya ukucha. Akatazama cha kwake. Kovu hilohilo, mahali palepale, alilolipata akicheza na mkasi wa mama yake alipokuwa mdogo. Hakushangaa kama alivyotarajia kushangaa. Kuna mambo mtu anayajua kabla ya kuyaona.

"Bibi," akauliza, "wewe uliandika ipi?"

"Mimi niliandika kubwa."

"Na mdogo wako?"

"Yumo." Mkaguzi akafunua kurasa za nyuma, akapeleka kidole juu, juu zaidi, mpaka karibu na ukingo. "Mia na themanini na nne sasa. Kila mwaka nne. Anakua vizuri."

"Aliitwa nani?"

Bibi yule akafungua mdomo. Akauacha wazi. Macho yakaenda kwenye karatasi ya pili, yakaenda kwenye begi, yakaenda juu kwenye bati, yakitafuta kitu ambacho mtu hapaswi kukitafuta. "Jina limo," akasema mwishowe, na akafunika kitabu nusu, kama anayeficha jambo la aibu. Sikudhani alimhurumia. Alimhurumia kuliko alivyojihurumia, na huruma ile ilimlegeza mkono.

Lakini aliyekata shauri si yeye. Kidawa, aliyekuwa amesimama wima muda wote bila kuinua visigino, alimvuta kidole.

"Dada, andika ile kubwa."

"Ipi?"

"Ile ya mia." Alikuwa na sauti ya kuomba pipi. "Nataka ile."

Mtoto mdogo akiulizwa achague kati ya namba mbili za urefu wake, atachagua nini. Sikudhani akainama akaandika mia na ishirini na nne, kwa mwandiko wake mzuri, uliosifiwa tangu darasa la kwanza. Muhuri ukapigwa. Ukumbi ukashusha pumzi, kisha ukapiga makofi, na Mwalimu Makungu juu ya kreti lake alipiga kwa nguvu kuliko wote, machozi yakimtoka.

Akapewa nafasi ya kwanza. Zawadi ilikuwa rula mpya isiyo na jina mgongoni, kwa maana mshindi huichonga mwenyewe, na kisu kidogo cha kuichongea. Futi ya bibi ilichukuliwa kwa heshima ikawekwa kwenye kabati la kioo nyuma ya ukumbi, palipoandikwa Zana za Kale. Kabati hilo Sikudhani hakuwahi kulisogelea. Siku ile alilisogelea. Ndani kulikuwa na futi nyingine, zimeviringishwa, safu juu ya safu, zote rangi ya chai. Alianza kuzihesabu akaacha.

*

Walifika nyumbani jua bado liko juu. Mama yake alikuwa ameketi kwenye cherehani, kitambaa cha buluu cha sare kimetandazwa mezani, maana baada ya maonyesho kila mtoto hushonewa gauni jipya la shule. Kidawa aliteremshwa juu ya meza na kadi mikononi. Kadi ilimfika kifuani, akaikumbatia, akasimulia yote kwa mkupuo: makofi, bibi mwenye kitabu, povu, na jinsi yeye alivyosimama bila kuinua visigino. Mama alicheka pale palipopaswa kuchekwa. Kisha akapapasa kisanduku akitafuta futi, hakuipata, na hakuuliza iko wapi.

"Ngapi?" akasema.

Sikudhani alikuwa amejua swali hilo litakuja. Njia nzima alikuwa amelibeba pamoja na begi. Alikuwa ameazimia kusema ishirini na tatu, kwa kuwa kitabu ni cha shule na hapa ni nyumbani, na nyumbani namba haijawahi kudanganya. Lakini Kidawa alikuwa akimtazama juu ya ukingo wa kadi. Kama angesema ishirini na tatu, mtoto angejua kwamba kadi ni karatasi. Na mama angejua nani aliyeiandika.

"Mia na ishirini na nne," akasema.

Nje kuku walikuwa wakigombana, na mama alisubiri mpaka wakamaliza. Mikono yake ilikuwa mezani, imefumba ngumi, kama alivyozoea inapokuwa karibu na Kidawa. Aliugeuza uso wake upande ilikotokea sauti ya binti yake.

"Wewe ndiye umepima?"

"Mimi."

"Basi," akasema mama, na ngumi zikafunguka.

Akapapasa alama za meza kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, akipita thelathini, akipita sitini, akipita mahali ambapo kidole chake kilikuwa hakijafika kwa miaka mingi, mpaka karibu na ncha ya meza. Akatia alama kwa chaki. Mkasi ukalia. Cherehani ikaanza, na ilikwenda kwa furaha, kwa kuwa mshono mrefu una raha yake na mama huyu alikuwa ameshona mishono mifupi kwa muda mrefu mno. Alikaribia kuimba. Sikudhani alisimama pembeni, akiona gauni linavyoteremka kutoka kwenye sindano, zuri, lenye kola na mikono na mfuko, gauni la msichana mzima mwenye afya njema. Alijua wakati wa kusema ungali upo. Aliuona ukipita, pindo moja, pindo la pili, vifungo.

Kidawa alilitaka mara moja. Akainuliwa, akavishwa kupitia shingoni, kadi bado iko mkononi mwake. Kitambaa cha buluu kilimfunika, kikaanguka moja kwa moja mpaka sakafuni, kikasimama chenyewe kwa upya wake.

"Linanitosha," ikatoka sauti ndani.

Mama akauliza kama limemkaa mabegani. Sikudhani akapiga magoti, akapitisha mkono kwenye kola, akautumbukiza mpaka kwapani. Akapapasa upande wa kushoto, akapapasa wa kulia. Akageuza mfuko. Alishika kadi, imekunjwa pembe moja, ina joto.

"Linanitosha, dada," ikasema sauti, mbali kidogo, kutoka mahali fulani katika mkono wa gauni, au katika pindo. Kisha haikusema tena.

Sikudhani alifungua kinywa akatafuta jina la kuita. Alikuwa nalo sasa hivi. Lilikuwa hapa, lilianza kwa herufi ambayo alikuwa ameiandika mara nyingi kwa mwandiko mzuri. Akaitazama kadi. Jina limo.

"Mwambie ageuke," akasema mama, akitabasamu kuelekea kwenye mwanga, sindano midomoni. "Ageuke taratibu, nilisikie pindo kama limekaa sawa."

Sikudhani akalishika gauni mabegani, akaligeuza.